Picha Zimependeza, Alice Yuko Wapi?

Kuna malalamiko ambayo mtu huyatoa huku akiona aibu kidogo. Ametoka kutazama filamu iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola, kila picha imepambwa hadi pembeni, waigizaji ni wale wenye majina makubwa, na hakuna mahali aliposinzia. Ukimuuliza imekuwaje, anasita, kisha anasema: "Nzuri, lakini si kama kitabu." Mazungumzo hukwama hapo, kwa sababu mwenzake atamjibu upesi kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, na yeye hatakuwa na la kuongeza.

La kuongeza lipo. Ndani ya sentensi hiyo fupi kumebanwa lawama tatu au nne tofauti. Nyingine zina haki, nyingine hazina, na zikiachwa zimechanganyika hazimfikishi mtu popote. Nitazichambua kwa kutumia filamu moja, kwa sababu sijaona nyingine inayolionyesha tatizo hili waziwazi kama hii: Alice in Wonderland ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Tim Burton na kutolewa na Disney.

Kwa hesabu za biashara, filamu ile haikuwa na kasoro. Iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 duniani kote. Ilichukua tuzo mbili za Oscar, moja ya ubunifu wa mandhari na nyingine ya mavazi, na zote mbili ilizistahili. Hata hivyo, wapenzi wa kitabu wakitaka kumweleza mtu maana ya kuvunjwa moyo na filamu, hii huitaja mapema. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1865. Aliyekiandika ni Lewis Carroll, jina lake halisi Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Christ Church, Oxford. Wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu.

Tuanze na lawama zisizo na haki, ili tuziondoe njiani.

Ya kwanza husema hivi: msomaji tayari ana picha zake kichwani, basi filamu yoyote itakayomletea picha nyingine itamuudhi. Inasikika kama hoja nzito, lakini kitabu cha Alice kinaipinga kuanzia sentensi yake ya kwanza. Alice ameketi kando ya dada yake, anachungulia kitabu anachosoma dada huyo, anajiuliza kina faida gani kitabu kisicho na picha wala mazungumzo. Carroll alimaanisha. Toleo la kwanza lilikuwa na michoro 42 ya John Tenniel, na Tenniel alikuwa mkali kiasi kwamba alipoona uchapaji wa mara ya kwanza umeharibu kazi yake, nakala zile zilirudishwa na kitabu kikachapwa upya. Mahali pamoja, anapotajwa mnyama aitwaye Gryphon, mwandishi hajisumbui kumweleza. Anamwambia msomaji kwamba kama hamjui Gryphon, atazame mchoro. Katika kitabu cha pili, kilichotoka mwishoni mwa 1871, Alice anapopita kwenye kioo, mchoro wa upande mmoja wa karatasi unamwonyesha akiingia, na ukifunua karatasi unamwona akitokea upande wa pili. Karatasi yenyewe imegeuzwa kioo. Kwa hiyo Alice ninayemjua mimi, na unayemjua wewe, ni wa Tenniel kwa kiasi kikubwa. Hatukumbuni peke yetu, na picha haijawahi kuwa adui yake.

Lawama ya pili husema filamu imekibadilisha kitabu. Ni kweli imekibadilisha. Lakini tazama Wizard of Oz ya mwaka 1939. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, viatu vya Dorothy ni vya fedha. Watengenezaji wa filamu waliona kwamba kwenye sinema ya rangi, iliyokuwa bado inashangaza watu, fedha haitaonekana kitu, wakavifanya viatu vyekundu vya yakuti. Juu ya hapo walifanya safari nzima kuwa ndoto, wakati katika kitabu Dorothy anasafiri kweli. Haya si mabadiliko madogo. Watu wameipenda filamu ile kizazi baada ya kizazi, na wengi hawajui hata kwamba viatu viliwahi kuwa vya rangi nyingine. Kubadilisha peke yake si kosa, na wakati mwingine ndiko kunakookoa. Anayelalamika kwamba sura ya tatu imerukwa, au kwamba Kasa wa Uongo hakuonekana, analalamikia jambo ambalo mwongozaji yeyote angelazimika kulifanya.

Sasa basi jeraha liko wapi?

Ili kuliona, ni lazima kwanza tukubaliane kitabu kile ni kitu cha namna gani, maana wengi tunakikumbuka kwa picha tu: sungura mwenye saa, paka anayebaki tabasamu, karata zinazotembea. Ukikisoma tena utashangaa jinsi kilivyo na matukio machache. Kilianza kama hadithi ya mdomo. Tarehe 4 Julai 1862 Dodgson alikuwa akipiga makasia mtoni na rafiki yake mmoja, wamewachukua mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith Liddell, na wasichana wakataka hadithi. Hadithi ya namna hiyo haina ramani. Msimuliaji anamtumbukiza mtoto shimoni kabla hajajua atamtoaje, kisha anaongeza kila anachoombwa. Ukubwa wa Alice unabadilika, anaogelea katika machozi yake mwenyewe, anakutana na kiwavi, anapewa mtoto mchanga anayegeuka nguruwe mikononi mwake. Hakuna adui anayemwinda. Anachokitaka peke yake ni kuingia katika bustani ndogo nzuri aliyoiona kupitia kijilango, na anapofika huko anakuta watu wakicheza mpira kwa kutumia ndege aina ya heroe badala ya fimbo, na Malkia wa Kopa akiamuru kila mtu akatwe kichwa. Bustani yenyewe ni tamaa iliyovunjika.

Kinachoshikilia sura zote 12 ni mazungumzo. Alice ana miaka saba. Amefundishwa adabu, amekariri mashairi na jiografia, anaamini kwamba ukiuliza swali la heshima utajibiwa kwa heshima. Kila anayekutana naye huko chini anamkatiza, anamsahihisha, anamdai maelezo, anamtungia kanuni papo hapo. Ni dunia ya watu wazima kama inavyoonekana na mtoto mwenye akili: kuna sheria kila mahali na hakuna aliye tayari kukwambia zimetoka wapi. Vichekesho vyake, na hofu yake pia, vinatoka humo.

Tazama anavyoanguka shimoni. Kisima ni kirefu sana, au yeye anaanguka polepole sana, kwa hiyo anao muda wa kutazama kushoto na kulia. Kuta zimejaa kabati na rafu za vitabu. Anachukua chupa moja rafuni, imeandikwa jamu ya machungwa. Ni tupu. Hataki kuiachia idondoke isije ikamuua mtu huko chini, basi anapopita kabati jingine anaitumbukiza humo. Halafu anaendelea kuanguka, anawaza kuhusu latitudo na longitudo, maneno asiyoyajua maana yake lakini anayoyaona matamu kutamka, na anajiuliza kama paka hula popo, mpaka usingizi unamchanganya na anajiuliza kama popo hula paka. Hapo kuna mtoto mzima: mroho kidogo, mwenye adabu hata anapoanguka, mwenye majivuno ya darasani. Tumemjua kabla hajagusa chini.

Katika filamu anaanguka kwa kasi, anapiga mayowe, vitu vinamrukia kutoka kila upande. Ni dakika chache za kusisimua, na kwa miwani ya 3D zilisisimua zaidi. Ila aliyeanguka hatumjui. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Tofauti hiyo ndiyo inayojirudia filamu nzima, na haikutokea kwa bahati mbaya. Burton mwenyewe alieleza wakati ule kwamba matoleo ya zamani hayakumgusa moyo, kwa kuwa aliona ni msichana anayetangatanga kutoka kwa kiumbe mmoja wa ajabu hadi mwingine. Alisema ukweli kuhusu kitabu, isipokuwa alichokiona ni ugonjwa ndicho kilikuwa mwili wenyewe. Aliyekitibu ni Linda Woolverton, mwandishi hodari aliyeandika Beauty and the Beast ya mwaka 1991 na kushiriki kuandika The Lion King. Woolverton akampa Alice miaka 19, akamwekea mchumba asiyemtaka, akamrudisha katika nchi aliyowahi kufika utotoni na kuisahau, na huko chini akamwekea gombo lenye utabiri kwamba siku fulani atavaa deraya, atashika upanga na kumuua joka liitwalo Jabberwocky.

Joka hilo katika maandishi ya Carroll ni la shairi tu, shairi ambalo Alice analikuta katika kitabu cha pili, analisoma, na kukiri kwamba ni zuri ingawa halielewi vizuri. Anayemuua joka katika shairi ni kijana asiye na jina. Filamu ililitoa joka ndani ya shairi, shairi ambalo mzaha wake wote ni kwamba linasikika kama utenzi wa mashujaa huku nusu ya maneno yake hayana maana, ikaligeuza kuwa utenzi wa mashujaa kwelikweli. Mzaha umechukuliwa kama agizo. Sidhani kuna mahali pengine katika filamu hii ambapo mtu anaweza kuonyesha kwa kidole kilichotokea kwa usahihi kama hapo.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Watu wengi huishia kumlaumu mwongozaji, na mimi naona hiyo ni njia ya mkato. Bajeti ya filamu ile ilikuwa karibu dola milioni 200. Fedha kama hizo hazirudi kwa wapenzi wa vitabu vya zamani. Zinarudi ikiwa kijana asiyewahi kusikia jina la Carroll, katika nchi isiyozungumza Kiingereza, ataona trela na kusema twende. Vichekesho vya Carroll karibu vyote ni vya maneno: neno moja lenye maana mbili, shairi la shule lililopinduliwa, hoja inayozunguka hadi kumrudia aliyeianzisha. Vitu hivyo ni vigumu kuvukisha mpaka, na kwenye trela ya dakika mbili havionekani kabisa. Joka linaonekana. Jeshi la karata nyekundu likikabiliana na jeshi jeupe la sataranji juu ya uwanja wa mawe linaonekana na kueleweka bila tafsiri. Filamu ya gharama kubwa huhitaji shabaha, adui na pambano la mwisho kwa sababu ndivyo vinavyouzika kila mahali kwa wakati mmoja, na kitabu kisichokuwa navyo huongezewa.

Kulikuwa na jambo la wakati pia. Avatar ilikuwa imetoka Desemba 2009 na kuwazoesha watu kulipa zaidi kwa ajili ya 3D. Alice ilifuata Machi 2010, ikarithi kumbi zile zile na hamu ile ile. Haikupigwa kwa kamera za 3D kama Avatar. Ilipigwa kawaida kisha ikageuzwa. Na kwa sababu hakimiliki ya kitabu ilikwisha nchini Uingereza tangu mwaka 1907, hapakuwa na mtu mwenye haki ya kusema hapana. Hilo nalo si dogo. Ilipotoka filamu ya The Cat in the Hat mwaka 2003, kazi ya kwanza ya mwongozaji ambaye hadi hapo alijulikana kwa kubuni mandhari, mjane wa mwandishi, Audrey Geisel, hakupendezwa nayo hata kidogo na akakataa filamu nyingine za waigizaji hai kutoka vitabu vya marehemu mumewe. Alice hana mjane wa kumtetea.

Mpaka hapa nimezungumzia hadithi. Lakini kichwa cha lawama ni picha, na picha nazo zina sehemu yake, ingawa kwa namna nyingine na ile inayodhaniwa.

Sentensi hutaja kitu kimoja na kuacha vingine gizani. Carroll anaposema kuna chupa ya jamu rafuni, tunaiona chupa. Rafu nyingine zote zipo na hazipo, na hazidai chochote kutoka kwetu. Skrini haina giza la namna hiyo. Fremu ikifunguka ni lazima kila pembe iwe na kitu, na ukiwa na mamia ya mafundi wa kompyuta na fedha za kuwalipa, kila pembe itakuwa na kitu cha kupendeza: uyoga wenye madoa, ua lenye uso, kereng'ende, ukungu wa rangi mbili. Vyote vinaomba kutazamwa kwa uzito ule ule. Jicho likishughulishwa hivyo, sikio hulegea, na katika hadithi ambayo uhai wake uko katika yale yanayosemwa, sikio likilegea hakuna kinachobaki.

Halafu kuna suala la mshangao wenyewe. Nchi ya Carroll inashangaza kwa sababu inasimuliwa kwa sauti ya kawaida kabisa, na kwa sababu mtoto aliyemo ni wa kawaida kabisa. Tenniel alilijua hilo. Michoro yake ni mikavu, ya mistari safi, kama picha za gazeti la habari. Alikuwa mchoraji wa vibonzo vya siasa wa jarida la Punch. Sungura aliyevaa koti anachekesha kwa sababu koti lake limechorwa kwa makini kama koti la wakili. Kitu kimoja kisicho cha kawaida kimewekwa katikati ya vitu vya kawaida. Kila kitu kikiwa cha ajabu, miti imejikunja, mbingu ina rangi ya kidonda, vichwa vimekuzwa na shingo zimenyooshwa, hakuna cha kupimia, na baada ya robo saa jicho limezoea. Alice wa filamu hata haruhusiwi kushangaa, maana kwa muda mrefu anasisitiza kwamba hii ni ndoto yake tu na ataamka. Mia Wasikowska anamwigiza kwa utulivu mwingi, na simlaumu: sehemu kubwa ya kazi ilifanyika mbele ya kuta za kijani, ambako mwigizaji hutazama mahali patupu na kuambiwa kwamba hapo patakuwa na kitu.

Karamu ya chai inaonyesha yote haya kwa pamoja. Kitabuni, meza ni kubwa, waliokaa ni watatu, wamebanana pembeni, na Alice akikaribia wanapiga kelele kwamba hakuna nafasi. Anasema nafasi ipo tele, anakaa. Anakaribishwa divai, divai haipo. Anaambiwa nywele zake zinahitaji kukatwa. Anaulizwa kitendawili kuhusu kunguru na meza ya kuandikia, anafikiri kwa bidii, anakata tamaa, anauliza jibu, na mtengeneza kofia anasema hana habari. Saa imesimama saa kumi na mbili jioni, wakati wa chai, kwa hiyo wanahama kiti hadi kiti bila kuosha vyombo. Alice anauliza swali la busara: mkizunguka mkarudi mlipoanzia, itakuwaje? Wanabadilisha mazungumzo. Mwishowe anaondoka amekasirika, na anapogeuka nyuma anawaona wakimsukumiza mmoja wao, panya anayesinzia, ndani ya buli.

Filamu ina meza nzuri kuliko zote nilizowahi kuona: ndefu, vitambaa vimechakaa, vikombe havilingani, nyuma kuna kinu cha upepo kilichoharibika na ukungu wa kijivu. Mtengeneza kofia, Johnny Depp, anaamka kama aliyekuwa anaomboleza, anapanda juu ya meza na kumwendea Alice akikanyaga vyombo, macho yamejaa machozi ya furaha, kwa sababu yule waliyemsubiri amerudi. Askari wa malkia wanafika. Alice, aliyepunguzwa, anafichwa ndani ya buli. Kitendawili cha kunguru kipo, kimetajwa kama mtu anavyotaja jina la ndugu wa mbali. Mahali penye ubishi wa kijinga pamekuwa kambi ya waasi. Ni tukio ambalo ungelikuta katika filamu nyingine kumi za vita vya kichawi, isipokuwa hapa kuna vikombe.

Kitu kingine ambacho filamu hizi hazivumilii ni jambo lisilo na sababu. Katika filamu ya 2005 ya Charlie and the Chocolate Factory, ya Burton huyo huyo, mwenye kiwanda alipewa baba daktari wa meno aliyemnyima peremende utotoni, baba ambaye hayumo katika kitabu cha Roald Dahl. Katika mwendelezo wa Alice wa mwaka 2016 tunaelezwa kwa nini malkia ana kichwa kikubwa: utotoni dada yake alidanganya kuhusu makombo ya keki, yeye akasingiziwa, akatoka mbio nje na kugonga kichwa. Tunaelezwa hata kwa nini chai haikwishi. Malkia aliyekuwa anatisha kwa sababu hasira yake haina mwanzo sasa ni mtu mwenye kinyongo cha familia, na tunatakiwa tumhurumie. Watoto hawahitaji maelezo hayo. Wanaishi na watu wazima wanaokasirika bila sababu wanayoijua, na Carroll aliwaandikia hao.

Sababu zikishapatikana, funzo nalo hufuata. Alice wa 2010 anajifunza kuamua njia yake mwenyewe, anamkataa mchumba mbele ya wageni wote na kuingia katika biashara ya meli kuelekea China. Nia ni njema na siidharau. Lakini kitabu kinayacheka mafunzo. Mashairi anayoyakosea Alice ni ya maadili yaliyokaririshwa watoto wa zama zile, ya Isaac Watts na Robert Southey, yamepinduliwa mpaka nyuki mwenye bidii amekuwa mamba anayetabasamu. Kuna hata mhusika, mke wa mtawala, ambaye kazi yake katika sura ya tisa ni kumwegemea Alice kwa kidevu chenye ncha na kumtolea funzo kwa kila kinachotajwa. Na kama shida ilikuwa kumpa msichana ujasiri, kitabu kilishafanya hivyo bila upanga. Mahakamani, malkia anaposema adhabu itangulie na hukumu ifuate, mtoto wa miaka saba anamwambia wazi kwamba huo ni upuuzi. Malkia anaamuru akatwe kichwa. Alice anawaambia wote kwamba wao ni karata tu, na hilo linatosha kuwaangusha.

Haki itendeke: filamu ina vitu vyema, na ni jambo la kufundisha kuona vilipo. Helena Bonham Carter, malkia mwenye kichwa kilichokuzwa kwa kompyuta, anachangamsha kila anapotokea, kwa kuwa yeye peke yake aliachiwa ukali usio na mantiki na sentensi za haraka. Anaagiza nguruwe wa kuwekea miguu yake tumboni kwa joto kana kwamba anaagiza maji. Na Colleen Atwood, aliyebuni mavazi, aliuliza swali ambalo Carroll angelipenda: Alice akipungua, nguo zake zinapungua naye? Alijibu kwamba hazipungui. Kwa hiyo kila Alice anapobadilika ukubwa anahitaji nguo nyingine, inayoshonwa kwa chochote kilichopo. Hiyo ni fikra ya kitabuni, kanuni ya kipuuzi iliyofuatwa kwa umakini hadi mwisho wake, na imo katika idara ya ushonaji badala ya kuwa katika maandishi ya filamu.

Njia nyingine ilikuwepo, na ilishapitwa. Mwaka 1988 Jan Švankmajer, kule Chekoslovakia, alitengeneza Alice kwa mtoto mmoja halisi, vyumba vibovu na vitu vya stoo. Sungura wake ni sungura aliyekaushwa na kujazwa vumbi la mbao. Anaitoa saa yake kifuani, na vumbi linamwagika. Filamu ile inabadilisha mambo mengi kuliko ya Burton na inatisha zaidi. Lakini kila mara kiumbe anaposema kitu, picha inakatika tunaona midomo ya Alice kwa karibu, ikisema: alisema Sungura Mweupe. Ndiyo suluhisho la kijanja kuliko yote niliyoyaona la tatizo la sauti ya msimuliaji. Hatusahau hata mara moja kwamba yote haya yanasemwa na mtoto, kichwani mwa mtoto, na kwamba mtoto huyo ndiye mwenye mamlaka.

Studio hazikujifunza kutoka huko, na kwa upande wa fedha hazikuwa na haja. Mafanikio ya 2010 yalifungulia mlango mfululizo wa filamu za gharama kutoka hadithi za zamani: Maleficent mwaka 2014, ikiongozwa na Robert Stromberg, mmoja wa waliochukua Oscar ya mandhari ya Alice, kisha Cinderella, kisha The Jungle Book, kisha Beauty and the Beast. Mwendelezo wa Alice ulipotoka Mei 2016, mwongozaji akiwa James Bobin, waigizaji wakuu walikuwa wale wale, mavazi yalikuwa ya Atwood yule yule, na mapambo yalikuwa mengi kama awali. Uliingiza karibu dola milioni 300, chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza. 3D ilikuwa imeshazoeleka. Joka lilishauawa, utabiri ulishatimia, na kwa kuwa filamu ya kwanza haikumpa Alice mazungumzo ya kumkumbuka, hapakuwa na mtu wa kwenda kumsikiliza tena.